Ukiyaona Macho Yake

Tak. Kwa miaka ishirini Dada Kioo, fundi wa kukata vioo, aliipenda sauti hiyo: kioo kinapokubali mstari na kukatika bila kinyongo. Akaichukia siku aliyoisikia kwenye mkono wa mdogo wake wa kike, shemeji alipoukunja juu ya goti mpaka ukavunjika.

Asubuhi moja mdogo mtu akakimbilia karakana, mkono ungali umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, mdomo umepasuka upya. Mume yuko nyuma, alisema, na safari hii ameapa kummaliza. Dada akamsukuma nyuma ya pazia la stoo. Karakana nzima ilikuwa vioo, kwa hiyo akampa onyo moja.

"Usichungulie. Ukiyaona macho yake kwenye kioo, naye anayaona yako. Mwanga hurudi kwa njia uliyojia."

Shemeji aliingia na kipande cha bomba la chuma, akauliza mke wake yuko wapi. Dada, huku akifuta kioo mezani, akamjibu kwamba humo anaona sura yake mwenyewe kutwa, nayo imeshaanza kumchosha. Bomba likashuka, kioo cha kabati kikamwagika sakafuni. Likainuka tena, likampata Dada begani. Akaanguka kwa magoti nyuma ya meza, ameuma ulimi, damu kinywani.

Kimya kikamshinda mdogo mtu. Alidhani dada yake amekufa. Akafungua pazia upana wa kidole, na kwenye kioo kirefu cha ukutani macho manne yakakutana.

"Mke wangu," shemeji akasema, karibu kwa upole. Akaliendea pazia.

Jua la saa nne lilipita mlangoni, nyuma ya shemeji, likalala mezani. Dada akakiinua kioo alichokuwa akikifuta, akakiinamisha kidogo tu. Kioo kikigeuka kidogo, mwanga hugeuka maradufu. Ukamchapa shemeji machoni. Akapiga bomba ovyo, akalipata rundo la vioo vilivyoegeshwa ukutani, vikamporomokea mapajani. Kwa ukelele wake, mchomeleaji wa jirani na wenzake wakaingia, wakamlaza kifudifudi kwenye damu yake, wakamfunga kwa waya, wakamburuta nje.

Nyuma ya pazia mdogo mtu alikuwa amefumba macho, akiomba radhi kwa kuchungulia. Dada akaokota kigae cha kioo, akakiweka kwenye mkono mzima wa mdogo wake, akakielekeza mlangoni.

"Chungulia sasa," akanong'ona. "Ni mgongo wake tu."