Mama Kulwa Agonga Fremu ya Kigari

Ipo Jumapili moja ya Matawi, mwanangu, ambayo kila ninapoikumbuka nashika kwanza kiuno, halafu ndipo nacheka.

Nilikuwa fundi wa kuchomelea hapa Ushirombo, kijana mwenye nywele zote na maneno mengi. Parokia yetu ilikuwa imepewa kigari cha gofu kilichokwisha kutumika huko Geita. Sisi gofu hatuchezi, basi kikawa cha kupandisha wazee kutoka barabarani hadi kanisani, maana kile kilima kinamtoa jasho hata mbuzi. Lakini watu wa huku ukitukabidhi chombo chenye magurudumu, hatukiachi kipumzike. Siku za kazi kilibeba chumvi ya ng'ombe wa misheni. Chumvi ikamwagika chini ya viti, ikala chuma taratibu, mpaka fremu ikawa inabanduka kama maganda ya kitunguu. Kigari kikasimamishwa.

Aliyeumia zaidi ni Mama Kulwa, mjane aliyefinyanga vyungu maisha yake yote mpaka magoti yakagoma. Krismasi aliisikiliza redioni. Sasa alikuwa anamwomba Mungu jambo moja tu: Pasaka imkute ndani ya kanisa.

Paroko akanikabidhi kazi. Nilipogonga ile fremu niliona wazi kwamba sehemu yote ya katikati ilitakiwa kukatwa na kuungwa chuma kipya. Hiyo ni kazi ya siku nyingi, nami nilikuwa na milango ya watu inanisubiri. Basi nikajaza mashimo puti, ule ujiuji wa kuzibia unaokauka kama udongo, nikapiga msasa, nikapaka rangi ya buluu kama joho la Bikira Maria. Kiling'aa, mwanangu. Nilijiona nimemsaidia Mungu.

Mama Kulwa akaletwa akione. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akainama kwa shida, akagonga fremu kwa fimbo na kutega sikio. Hivyo ndivyo alivyopima vyungu vyake kabla ya kuvipeleka sokoni.

"Ng'wanawane," aliniambia, ndiyo mwanangu kwa Kisukuma, "hapa panalia kama chungu chenye ufa."

"Mama, hiki ni chuma, si chungu."

"Naona. Ndiyo maana nashangaa kinalia kama udongo."

Nikacheka, nikamwambia masikio nayo huzeeka. Mungu anisamehe.

Siku ya Matawi nikaendesha mwenyewe, kwa majivuno. Mama Kulwa alikaa kiti cha nyuma, kile kinachotazama nyuma, akiipungia tawi lake kwaya iliyotufuata kwa wimbo. Tulipofika katikati ya kilima nikasikia kitu kinakatika chini yangu. Kigari kikabonyea katikati, polepole, kama ng'ombe anayelala. Magoti yangu yakanifika kidevuni. Nyuma, miguu ya Mama Kulwa ikapanda juu, na yeye akabaki ametazama mawingu, tawi mkononi, bado anapunga.

"Tumefika?" akauliza.

"Bado, mama," mwimbaji mmoja akamjibu. "Ni kigari kimeanza kusali mapema."

Wimbo ukafia hapo. Walimteremsha Mama Kulwa, mzima, sifa kwa Mungu. Akaomba aokotewe kipande cha puti kilichodondoka, akakisugua kwa vidole, akanitazama.

"Udongo huu haukuchomwa," akasema.

Kisha akanionyesha mgongo wangu kwa fimbo. Nikapiga magoti, akapanda, nikambeba hadi juu, kwaya ikitufuata na kicheko imekibana. Karibu na mlango wa kanisa akaniinamia sikioni.

"Masikio yamezeeka, lakini unavyohema nasikia."

Jumatatu nikaenda kuungama. Padre alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Mungu amekusamehe. Kutu haijakusamehe. Nenda ukaikate."

Nikakata. Kila nilipodhani nimefika kwenye chuma kizima nilikuta kutu imetangulia, nikarudi nyuma tena, mpaka nikaona weupe wa chuma chenyewe. Hapo ndipo nikaunga. Wenye milango wakanifuata karakana, wakanisema, nikaendelea na kazi. Ijumaa Kuu sikugusa kazi. Jumamosi asubuhi nikampelekea Mama Kulwa kigari bila rangi, kila kiungo kikionekana.

Akagonga. Akasogea, akagonga tena. Akagonga kila mahali nilipochomelea, nami nikimfuata nyuma kama mtoto anayesubiri matokeo ya darasa la saba.

"Panda wewe kwanza," akasema. "Rukaruka."

Niliruka mbele ya majirani wote, mtu mzima mimi. Fremu haikutingishika.

"Haya. Kesho uje mapema, nataka kiti cha mbele."

Na Pasaka ile alikaa benchi la kwanza, akaimba kuliko kwaya. Rangi niliipaka baadaye.

Mwanangu, nisikilize. Ukikabidhiwa kitu kibovu, sema ni kibovu, na ukate mpaka ufike penye uzima, hata kama kazi itachelewa na watu watanuna. Usifunike, kwa sababu juu ya ulichofunika atakuja kukaa mama wa mtu. Na mzee akigonga kazi yako, usimcheke. Mwulize amesikia nini. Mimi nilijifunza hayo nikiwa na bibi mgongoni, na nashukuru Mungu hakuwa mnene.

Mungu aishike mikono yako, aifanye ya kweli hata pale pasipoonekana, na siku yako ya kupanda kilima akupe atakayekubeba bila kunung'unika. Amina.