Hatupigi Kabla ya Jua Kuzama

Tulipiga roki. Ninaliandika hilo waziwazi, kwa sababu siku hizi nakaa na waandishi wenzangu mezani nikiwasikia wakisema muziki ule ulikuwa mchezo wa wanafunzi wa Nairobi, kwamba haukuwahi kupanda mlima wowote wenye majani chai. Waende Nyamache wakaulize. Wakaulize na Nyamira, kwenye ukumbi ulio nyuma ya ofisi za serikali, ambako sakafu ya mbao ilivunjika tukiwa katikati ya wimbo na watu wakasogea upande wa pili wakaendelea kucheza.

Tulikuwa wanne. Mpiga gitaa, aliyekuwa kiongozi wetu, alikuwa Mkatoliki wa Nyamira aliyefukuzwa shule ya misheni kwa kukataa kunyoa nywele. Mpiga besi alikuwa karani wa posta kutoka upande wa ziwani, na kwa ajili yake tulizungumza Kiswahili hata tulipokuwa tukitukanana. Mpiga ngoma alikuwa Msabato wa kijiji kimoja karibu na Keroka. Mimi niliimba. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu, na mama yangu alikuwa amewaambia majirani wote kwamba bintiye yuko kwenye kwaya.

Mtu asiyetoka kwetu hawezi kuelewa Jumamosi zetu mpaka aelezwe. Nusu ya vijana waliokuja kucheza walitoka katika nyumba za Wasabato. Tangu jua la Ijumaa linapozama hadi jua la Jumamosi lizame, nyumba hizo hazikupika, hazikulima, hazikuuza hata ndizi moja. Kwa hiyo dansi ya Jumamosi haikuanza kamwe kabla ya jua kuzama. Hakuna aliyeitungia sheria. Ilijulikana tu, kama inavyojulikana kwamba mvua ya kwetu hunyesha alasiri.

Tulisafiri na pikapu iliyobeba ndizi siku nyingine zote za juma. Kama tunapiga mbali, tuseme Nyamache, mpiga ngoma alitangulia Ijumaa mchana, akalala kwa Msabato mwenzake, na asubuhi akaenda kanisa la huko akiwa na suti nyeusi ya marehemu baba yake, yenye suruali aliyoipanua mwenyewe kwa cherehani mpaka ikafagia chini. Watu walisogea kwenye benchi walipoiona ile suruali. Aliimba nyimbo zote kwa moyo bila kuangalia kitabu. Alasiri sisi wengine tulipofika, tulipakua, tukavuta nyaya, tukaunganisha betri, tukamfungia ngoma zake. Yeye alikaa pembeni, mikono juu ya mapaja, akitutazama tukikosea.

"Sema basi, hii inaingia wapi?" mpiga besi alimwuliza siku moja, ameshika chuma cha kushikilia toazi. "Kusema si kazi."

"Kwa fundi, kusema ndiyo kazi."

"Basi kohoa mara moja nikiwa nimekosea."

Hakukohoa. Aligeuza uso akatazama kilima.

Kule Nyamache jua hujificha mapema nyuma ya mlima, na vijana waliokuwa wakingoja mlangoni walikuwa wakimpigia kelele kwamba limezama, aache kuringa. Yeye alitazama ukingo wa mashariki, ng'ambo ya bonde. Mwanga ulipobaki juu ya migomba ya kule, alikaa. Ulipoondoka kwenye jani la mwisho, alisimama, akavua koti, na ukumbi mzima ukashangilia kama kwamba yeye ndiye aliyelizamisha.

Ingekuwa rahisi kumwita mtu wa dini, lakini dini ilikuwa imemkataa. Kanisa la kijijini kwake lilikuwa limemfuta ushirika. Mzee wa kanisa alisimama mbele akasoma jina lake huku mama yake ameketi akisikia. Sababu zilikuwa magitaa, suruali, na wasichana wanaocheza. Lakini neno lililomchoma halikuwa lolote kati ya hayo. Mzee alisema kwamba kijana anayepiga muziki ule hawezi kuwa na Sabato moyoni, anaivaa tu kama suti.

Alitusimulia habari hiyo tukiwa nyuma ya pikapu, tumekalia maturubai, tukitoka Nyamira kwenda Keroka. Alisimulia kama mtu anayeeleza mahali palipo na shimo barabarani.

"Wamenifuta kwenye kitabu chao," alisema. "Sabato si ya kitabu chao. Lakini siku nitakayogusa ngoma kabla ya jua kuzama, watakuwa walisema kweli. Na mama ataendelea kukaa nao kwenye benchi lile akijua walisema kweli."

Mpiga gitaa alicheka. "Wewe umefukuzwa nyumbani, bado unafagia uwanja."

"Uwanja ni wa baba," akajibu, na mazungumzo yakaisha hapo.

Sasa, mjini Kisii kulikuwa na duka la santuri ambalo wateja wake walianza kuuliza nyimbo zetu. Hatukuwa na santuri. Watu walitaja tu maneno ya wimbo, wengine wakauimba pale kwenye kaunta, na mwenye duka akachoka kusema hana. Alikuwa anafahamiana na mtayarishaji wa Nairobi aliyezunguka miji na mashine yake ya kurekodi ndani ya gari. Akamwita. Mpiga gitaa alipewa habari hiyo dukani, akatukuta mimi na mpiga besi soko la Daraja Mbili tukichagua mashati ya mitumba ya kuvaa jukwaani. Alikuja akikimbia, akiruka mafungu ya ndizi, wanawake wakimlaani nyuma yake.

"Jumamosi," alisema, akihema. "Jumamosi tunarekodi."

Hakuna aliyeuliza ni wakati gani wa siku. Kwetu sisi, Jumamosi ya muziki huanza jua likizama, na tulidhani dunia nzima inajua.

Chumba kilikuwa nyuma ya duka. Mwenye duka alikuwa amefunika kuta kwa magodoro na trei za mayai, na dirisha akaliziba kwa blanketi tatu ili kelele za mjini zisiingie. Tulifika alasiri, mapema kama kawaida yetu, ili tufunge vyombo. Mtayarishaji alikuwa mtu mfupi wa pwani, miwani yake imening'inia shingoni kwa uzi, na mashine yake ilikuwa tayari inawaka taa.

"Karibuni, karibuni. Tusipoteze muda, mimi jioni nina safari ya Kisumu." Akamwona mpiga ngoma ameketi juu ya kreti ya soda na suti yake. "Na mchungaji huyu mmekuja naye wa nini, kuwaombea?"

"Ni mpiga ngoma wetu," nikasema.

"Basi akae kwenye ngoma."

Tukaeleza. Mtayarishaji alisikiliza mpaka mwisho, sina ubaya wa kumsema. Kisha akatazama saa yake, akamtazama mpiga gitaa. Mpiga gitaa aliinamia gitaa lake akijifanya anakaza nyuzi. Nilijua hapo hapo kwamba alikuwa amekwisha kuamua.

"Ngoma naweza kupiga mimi," mtayarishaji alisema. "Nimepigia bendi za hoteli miaka mingi. Dada ataimba, nyinyi wawili mtapiga, bwana harusi huyu wa suti apumzike. Santuri haina macho."

Mpiga ngoma alisimama, akatoka, akakaa kwenye kizingiti cha mlango wa uani. Hakuwa na hasira. Au kama alikuwa nayo aliiweka mahali ambapo sisi hatukuiona.

Wimbo wenyewe tuliutunga barabarani. Ulihusu kina mama wanaopanda mlima na majani chai mgongoni, na mdundo wake ulikuwa hatua zao: moja nzito, mbili nyepesi, kisha kimya kidogo cha kuvuta pumzi. Mpiga ngoma wetu ndiye aliyekiweka kile kimya. Tulipopiga kwenye kumbi, watu mia walikuwa wakisimamisha mguu hewani kwa pamoja wakikingoja, na hakuna kitu nilichowahi kukipenda zaidi jukwaani kuliko ile miguu hewani.

Mtayarishaji alipiga vizuri. Mkono wake ulikuwa safi kuliko wa mwenzetu, nakubali. Lakini alipofika kwenye kimya, alikijaza. Aliweka vipigo vinne vya haraka, vitamu, vya hotelini. Ubeti wa kwanza nikaimba. Kimya kikaja, akakijaza tena. Wanawake wale katika wimbo hawakupata pumzi. Walikuwa wanakimbizwa kupanda mlima.

Nikafunga mdomo.

Gitaa na besi viliendelea kidogo, kisha vikaanguka kimoja kimoja.

"Dada, utepe unazunguka," mtayarishaji alisema.

"Na uzunguke."

"Umesahau maneno?"

"Sijasahau. Siimbi bila yeye."

Mpiga gitaa aliweka gitaa chini polepole sana. "Unajua nimeingoja siku hii tangu nikiwa na gitaa la mkebe wa mafuta?" aliniambia. Nilimhurumia, na bado namhurumia. "Saa chache tu za jua. Unatutupia kila kitu kwa ajili ya saa chache, na wewe hata si Msabato."

"Ndiyo. Mimi si Msabato. Yeye ni mwenzangu."

"Na mimi nani?"

Mpiga besi ndiye aliyejibu, akizima amplifaya yake. "Mimi ni mtu wa posta," alisema. "Nimezoea watu kungoja."

Mtayarishaji alikuwa na subira kuliko tulivyostahili. Alifungua mlango wa uani. Nje mawingu yalikuwa yameteremka juu ya Kisii, meusi, na maduka yalikwisha washa taa. Manyunyu yalianza kupiga mabati. Alimwinamia mpiga ngoma pale kizingitini.

"Kijana, tazama. Giza hilo. Kuku wameingia. Hili jua unalolingoja uko na hakika gani halijazama?"

"Hayo ni mawingu, mzee. Lenyewe liko nyuma yake."

"Nani atakayejua?"

"Mama yangu ataniuliza, na mimi simdanganyi." Akanielekezea kidole bila kugeuka. "Anayedanganywa ni mama yake huyu."

Mpiga besi akacheka mpaka akashika ukuta. Hata mtayarishaji alitabasamu. Kisha akaanza kukunja nyaya zake. Alizikunja vizuri, moja moja, kama anatupa nafasi ya kubadili nia. Hakuna aliyebadili. Mpiga gitaa alimsaidia kubeba mashine mpaka kwenye gari, wakasimama mvuani wakizungumza, na gari lilipoondoka, yeye alikuwa ndani. Gitaa lake tu ndilo alilochukua.

Alirekodi baadaye na watu wengine. Niliiona santuri hiyo kwenye duka lile lile. Wimbo ni wetu, umeimbwa kwa Kiswahili badala ya lugha ya kwetu, na mahali pa kimya wameweka tarumbeta. Inapendeza. Inauzwa. Sikuinunua.

Sisi tulipata mpiga gitaa mwingine, mwalimu wa shule ya msingi ya upande wa Nyamache, mwenye vidole vizito na moyo mwepesi, tukarudi barabarani. Watu waliniuliza kama nilijuta. Wenzangu wa fasihi bado huniuliza, wakiwa wameinamisha kichwa, kwa sababu kwao kitu kisichorekodiwa hakikutokea. Nawajibu kwamba waliokuwepo walikuwepo.

Habari ya siku ile ilipanda mpaka kijijini kwa mpiga ngoma kabla yetu. Majuma kadhaa baadaye, Jumamosi moja, tulipitia kwao kumchukua kwa sababu jioni tulikuwa tunapiga Nyamira, mwendo mfupi kutoka kwao. Tulimkuta uani na mama yake. Mzee wa kanisa, yule yule aliyesoma jina, alikuwa ameketi kwenye kiti kizuri cha nyumba hiyo, kofia juu ya goti. Tulisalimia, tukasimama kando.

"Tumesikia," mzee alikuwa akisema. "Mji mzima umesikia. Ulikataa santuri kwa ajili ya Sabato. Kanisa limefurahi, mwanangu. Tunataka usimame mbele utoe ushuhuda jinsi ulivyoiacha dunia. Tutakubatiza upya, jina litarudi."

Mama yake alikuwa akimtazama mwanawe. Niliona jinsi alivyotaka, mikono yake ilikuwa imeshika kanga kwa nguvu. Mpiga ngoma naye aliona.

"Mzee, asante kwa kuja," alisema. "Lakini sikukataa santuri. Niliomba wangoje jua lizame."

"Ni kitu kile kile."

"Si kile kile. Wangengoja, ningepiga. Leo likizama nitapiga Nyamira. Kama jina litarudi, lirudi na ngoma zake. Nikisimama mbele nikasema nimeiacha, nitakuwa nadanganya siku ya Sabato."

Mzee alimgeukia mama. "Mama, umesikia mwanao?"

"Nimesikia," alisema mama. Alimtazama mzee, si mwanawe. "Ulisema anaivaa kama suti."

Mzee alichukua kofia yake. Aliaga kwa adabu, akateremka njia ya migomba. Mama alikusanya vikombe, akaingia navyo ndani, wala hakumzuia mwanawe kupanda pikapu. Jua lilikuwa bado juu. Mpiga ngoma alikaa nyuma na suti yake, mikono juu ya mapaja, na safari nzima hadi Nyamira mwalimu wetu mpya alimwuliza kila kitu kuhusu ule wimbo, naye hakumjibu hata neno, kwa kuwa hiyo ilikuwa kazi.