Utepe Mweusi Juu ya Taa ya Oili

Siku ambayo bibi yangu alinichapa mkono kwa futi ya mbao, mwanangu, naikumbuka kama jana. Nilimwaga kikopo chake cha mafuta ya cherehani. Pale Pangani yeye ndiye aliyeshona kanzu za nusu ya mtaa, na kila asubuhi, kabla hajakanyaga pedeli, alitia tone mojamoja kwenye kila tundu la mashine ile. Nikamuuliza, "Bibi, mbona unaitia mafuta na hailii?" Akanijibu, "Ikilia nimeshachelewa." Mimi huyo, nikakimbilia mpira. Shule niliacha darasa la tatu, lakini somo lililoniumiza kulitoroka ni lile.

Nimeanza mbali, najua. Habari yenyewe ni ya magari.

Kazi nilifundishwa na Fundi Kombo, mwenye gereji Pongwe, kando ya barabara. Alikuwa na gari kuukuu, mwenyewe akisema linamshinda umri mke wake wa pili, na mke yupo anasikia. Gari lile lilisema kila kitu. Oili ikivuja, asubuhi unakuta doa chini. Chuma kikichoka, unasikia kinagonga. Taa yake ya oili tu, ile ya kuonya kwenye dashibodi, ndiyo ilikuwa mwongo: nyaya zimeoza, inawaka ovyo. Kombo akaibandikia utepe mweusi wa umeme, tukaendelea na maisha, tukitegemea masikio.

Baadaye tajiri aliyeniajiri udereva akaleta gari la kisasa lenye tabo, ile ya kusukumia injini hewa ipate nguvu, akanipa niendeshe. Ukikanyaga, mgongo unagandamana na kiti! Kumbe gari lilikuwa likinywa oili ndani kwa ndani, bila tone sakafuni, bila mlio. Taa ikaanza kumetameta. Nikatega sikio, kimya. Nikasema taa zote ni za ukoo mmoja, waongo. Nikakata utepe, nikabandika.

Basi ikaja habari kwamba dada yangu Mwanaidi, aliyeolewa huko Amani, mlimani, ameshikwa na uchungu tangu jana na mtoto amekaa vibaya. Kombo akanitupia ufunguo wa gari lake.

"Fundi, kwa hilo lako tutafika mtoto ameshaanza madrasa," nikamwambia.

"Tangulia basi. Nakuja nyuma."

Mlima ule niliupanda kwa hasira, na huko ndiko nilikomaliza oili iliyobaki. Nikampakia dada na mama mkwe wake, tukaanza kushuka. Kona ya tatu au ya nne, msitu kushoto, korongo kulia, injini ikapiga kishindo kimoja ikakwama. Nikawasha, wapi. Nikawasha tena.

"Kaka, mbona imenyamaza?" Mwanaidi aliuliza, kucha zake ziko begani kwangu.

Mama mkwe akasonya. "Si gari la mbio hili? Haya, likimbize."

Hapakupita mtu. Dada akalia, kisha akaacha kulia, na hapo ndipo nilipoogopa hasa. Nikaanza kusoma dua, nikachanganya maneno. Halafu kutoka bondeni nikasikia mlio ninaoujua, tak, tak, tak, ukipotea kwenye kona na kurudi.

Kombo alishuka, akachungulia ndani, akauona utepe. Akaubandua kwa ukucha, akawasha swichi. Taa ikawaka nyekundu.

"Hili umejifunza kwangu," akasema.

Tulimhamisha Mwanaidi, nikamshika kichwa hadi hospitalini huku lile gari kuukuu likigonga kila kona. Mtoto alitoka wa bluu, kimya. Mkunga akamgeuza, akampiga nyayo, akampiga tena. Tukamsikia. Mama na mwana walipona, alhamdulillah, lakini sauti ile ya mwisho ya dada garini naisikia hadi leo.

Sasa wewe uliyenunua gari la tabo, nisikilize. La zamani litunze kwa masikio, pua na macho ya asubuhi; litakuvumilia. La kisasa halina uvumilivu huo. Pima oili kwa kijiti kila wiki hata kama linaimba vizuri, badilisha mapema, usilikamue kwa mbio likiwa baridi, na ukitoka mbio liache lingurume kidogo kabla hujazima. Taa ikiwaka, simama hapohapo, tafuta sababu. Ikiwa ni mwongo, tengeneza nyaya. Usifunike, na usimfundishe mwenzio kufunika. Mola akulinde wewe na unaowapakia, akufikishe, akurudishe.

Kesho yake, baada ya mtoto yule kuzaliwa, nilikwenda gereji. Kombo alikuwa amesimama mbele ya gari lake kuukuu, boneti wazi, nyaya mpya zimefungwa, utepe haupo. Nikasema, "Shikamoo, fundi."

Akafuta mikono, akaweka tambara juu ya injini, na ufunguo juu ya tambara. Akanipita bila kuitikia, akashika njia, wala hakurudi tena gerejini; nadhani ule utepe aliuhesabu kosa lake yeye. Watu walisema yuko kwao Ushongo; nilikwenda mara mbili, nikaambiwa hayupo. Siku ile nilisimama mlangoni pa gereji hadi mgongo wake ukapotea. Ile shikamoo haijaitikiwa mpaka leo.