Mikaratusi Niliyoipanda Mwenyewe

Kwetu, kwenye vilima vya Nyabiondo, kila muntu anajua sheria moja isiyoandikwa popote: shamba ulilopewa kulima, unapanda maharagwe na mihogo, basi. Ukipanda muti, umesema udongo ni wako. Mama alinifundisha hiyo kabla sijajua kusoma. Niliisahau siku moja tu, nikiwa nacheka.

Shamba lake alipewa na mwenye kilima, papa mwenye ng'ombe, mwaka alioolewa. Kisha wachimba madini wakachimba koltani humo. Walipomaliza walituachia mashimo. Udongo mweusi wote ulikuwa umekwenda mutoni.

Akaja agronome, yaani bwana shamba, na plan yake ya kufufua kilima. Aliibandika kwenye ukuta wa darasa letu, karatasi kubwa kama shuka, kilima kizima kimepakwa kijani. Wazazi walikuwa wameitwa pia, na Mama akasimama.

"Papa agronome, maharagwe yangu iko wapi hapo?"

"Mama, kwanza tunafunga mashimo. Kiisha miti inashika udongo. Maharagwe itakuja nyuma."

"Nyuma lini?"

"Iko mu plan, Mama."

Nikanong'ona kwamba rangi ilimwishia kabla ya kufika kwa maharagwe. Wanafunzi wakacheka. Mama hakucheka.

Mashimo yalipofungwa, walitupeleka sisi wanafunzi kupanda. Mwenye kilima alileta miche ya mikaratusi na ndoo ya mandazi. Mustari wangu ulipita katikati ya shamba la Mama. Nikajifanya padri: kila muche niliubatiza kwa maji ya bidon la kumwagilia, nikaupa cheo cha mwalimu mumoja. Huyu prefe, mukubwa wa shule, huyu wa Kifaransa, huyu wa hesabu. Agronome akasema mustari wangu ndio ulionyooka kuliko yote. Nikaongezewa andazi.

Nyumbani nilimkuta Mama anachambua maharagwe ya mbegu.

"Mumepanda wapi?"

"Kwetu, Mama. Mustari yangu njo imenyooka kuliko zote."

Mikono yake ikasimama. "Miche ilikuwa ya nani?"

Hapo njo nilikumbuka.

Mvua ziliporudi, Mama alikwea kilima na jembe na mbegu zake. Nilimfuata. Muchungaji wa ng'ombe wa mwenye kilima alimzuia, tena kwa heshima kabisa.

"Mama, uniwie radhi. Hapa patron alishapanda miti."

"Aliyepanda ni huyu mutoto wangu."

"Njo vile, Mama. Na miche ya patron."

Sasa Mama analima mashamba ya wengine, ng'ambo ya muto. Hajanigombeza hata siku moja. Afadhali angenipiga. Wenzangu wananiita Agronome, na kinachoniuma ni kwamba utani huo ningeutunga mwenyewe.

Miti yao mingi ilikauka kwenye changarawe. Yangu, hapana. Kila asubuhi nikienda masomo nasimama pale na kuikojolea, mumoja mumoja, kwa sababu nilisikia mukojo unaunguza miche. Yote imeshanipita urefu. Yule wa hesabu ndiye murefu kuliko wote.