Zamu ya Nyamoita

Wanawake wanaoanika omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria, ufuoni Sindo wana kazi ya zamu wanayoiita saga. Leo wote wako shambani kwako, kesho kwangu, mpaka kila mtu afikiwe. Haiandikwi popote, na hakuna anayekosa. Nyamoita, ambaye kwao ni Kegonga huko Kuria, aliipenda saga tangu aolewe, kwa sababu ndiyo iliyomfanya aache kujiona mgeni.

Basi Jumapili redio ikasema upepo mkali na mvua kubwa vingefika Ijumaa, na ziwa lenyewe lilikuwa limeshapanda. Jirani yake Phanice akaita saga ya magunia. Nyumba nne, siku nne, kila nyumba ijengewe ukuta wa mchanga upande wa maji. Phanice angeanza, halafu Risper, halafu Priscilla. Nyamoita akaombwa awe wa mwisho.

"Wewe ni mdogo wangu, ngoja kidogo," Phanice alimwambia. "Alhamisi tunakuja sote. Hata mwanao Elvis hutambeba, nitambeba mimi."

Nyamoita hakuwa na shaka. Mume wake alikuwa visiwani akivua, na siku ya uchungu wa kujifungua ni Phanice aliyemshika kiuno, ni Phanice aliyemwogesha Elvis mara ya kwanza. Kwa hiyo alitoa hata magunia ya mahindi aliyoletewa na mama yake, yakajazwa mchanga. Siku tatu alibeba karai kichwani na mtoto mgongoni, mpaka shingo ikakataa kugeuka.

Jumatano, kwa Priscilla, aliona kitu. Kila aliporudi na mchanga, wenzake walinyamaza. Risper, ambaye hakosi utani, siku hiyo hakumtania hata mara moja. Nyamoita akajiambia ni uchovu.

Alhamisi alipika sufuria kubwa ya uji, maana mwenye zamu ndiye hulisha. Akangoja. Uji ukaganda juu, jua likapanda, na hakuna aliyetokea. Mwishowe akaenda kwa Phanice, akamkuta nyuma ya ukuta wake wa magunia anachambua omena. Akamuuliza kwa upole kama leo wamechelewa kuanza.

Phanice hakuinua macho. "Nyar Kuria," akasema. Ndivyo huku wanavyomwita mke aliyetoka Kuria, lakini Phanice hakuwa amewahi kumwita hivyo. "Kwako ni chini sana. Hata tukiweka magunia mia, maji yatapita tu. Tuliona ni kujichosha bure."

"Mliona lini?"

Phanice akachambua, akachambua. "Jumatatu."

Jumatatu ndiyo siku walipojenga ukuta huo huo. Kwa hiyo mchanga wote wa Jumanne na Jumatano, Nyamoita aliubeba wenzake wakijua.

"Mngeniambia, ningempeleka mtoto kwa mama," akasema. "Sasa mto umefurika kwa mvua za huko juu, umekata barabara."

"Na tungekuambia," Phanice akasema, "ungekuja kubeba?"

Nyamoita alirudi nyumbani, akampa Elvis uji, akanywa na yeye kidogo kwa sababu ananyonyesha. Kisha akaanza kujaza peke yake mifuko michache iliyobaki. Saa tisa alikuwa na ukuta unaomfika gotini, na mchanga wake tayari ulikuwa unavuja. Akauangalia. Akaacha, akaanza kupandisha godoro na nguo za mtoto kanisani, kule kilimani.

Upepo ulifika Ijumaa adhuhuri. Akiwa kwenye mlango wa kanisa, Elvis kifuani, Nyamoita aliyaona maji yakigonga zile kuta tatu, yakigeuka, yakielekea pale palipokuwa wazi. Ukuta wa udongo wa nyumba yake ulilainika kwanza chini, halafu ukakaa taratibu kama mtu aliyechoka. Nyumba ya Phanice haikuingiwa hata na tone.

Jumapili, maji yaliporudi ziwani, wanawake wale watatu walikuja na majembe. Risper akasema wamekuja kukandika, leo ni saga ya Nyamoita. Phanice alikuwa nyuma ya wenzake na chupa ya chai.

Nyamoita alikuwa ameinama kwenye matope, Elvis begani, akitafuta vijiko. Akasimama. Elvis alipomwona Phanice alicheka, akamnyooshea mikono yote miwili kama alivyozoea.

Nyamoita akamhamishia mtoto bega la pili, mbali na Phanice, akainama tena kutafuta.