Saa Mbili Usiku, na Jua Lipo

Mama yangu alifunga saumu siku ndefu kuliko zote za mwaka wa Sydney, siku ya tatu tu tangu ashuke kwenye ndege, na sikuweza kumzuia. Wanaomjua hawatashangaa. Mimi mwenyewe nimerithi kichwa chake kigumu, ndiyo maana nilipoteza nusu ya asubuhi nikibishana naye jikoni.

Saumu yenyewe haikuwa yake, ilikuwa ya baba. Ramadhani yake ya mwisho baba aliimalizia hospitali, akatoka, akapata nafuu, akawa anasema atalipa siku zake nguvu zikimrudia vizuri. Akatutoka kabla hajalipa hata moja. Mama alifundishwa chuoni tangu utotoni kwamba deni la saumu la marehemu hulipwa na watu wake, kwa hiyo alizibeba zote. Alifunga mojamoja, kila afya ilipomruhusu, na sasa ilikuwa imebaki moja tu. Lakini mama ana presha, na Guildford, mtaa wetu, ilikuwa inawaka tangu asubuhi, lile joto la bara ambalo wenzetu wa ufukweni hulisikia tu redioni.

"Mama, si leo," nilimwambia. Nilikuwa nimeshamimina chai, kumbe mwenzangu alikula daku peke yake gizani na kutia nia. "Leo ndiyo siku ndefu kuliko zote."

"Siku zote zina urefu mmoja, mwanangu. Mtu ndiye anayechoka."

Kwa Tanga ana haki. Kule jua halina mambo mengi. Linachomoza karibu na saa kumi na mbili, linazama karibu na saa kumi na mbili, na saa zetu za Kiswahili tumezihesabu kwa kulifuata lenyewe. Nikamweleza kwamba huku, kiangazi, jua linazama saa mbili usiku. Alicheka mpaka akashika meza.

"Saa mbili usiku jua lipo? Sasa huo usiku ni wa nani?"

Alidhani namtania ili anywe chai. Nikajaribu kumweleza tena, na kila nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwongo, kwa sababu kwa Kiswahili maneno yenyewe yanagombana: usiku, na jua. Yeye alikuwa hajaiona jioni ya huku hata mara moja. Siku mbili alizokaa nasi uchovu wa safari ulimwangusha kitandani tangu alasiri, akaamka giza limeshaingia zamani, akalipa sala zake na kurudi kulala. "Saa kumi na mbili na nusu nafuturu," akasema, akaenda zake kupanga nguo kabatini. Nilibaki na vikombe viwili vya chai, nikanywa vyote kwa hasira.

Jioni hiyo tulikuwa tumealikwa nje. Jirani yetu, bibi wa Kizungu anayeishi nyumba ya pili, kila mwaka siku hiyo huwaita watu wa mtaa kwenye bustani ng'ambo ya barabara. Alizaliwa nchi ya baridi huko kaskazini, ambako siku ndefu kuliko zote watu huiadhimisha kwa kuwasha mioto mikubwa na kuizunguka mpaka kuche. Huku siku hiyo huangukia Desemba, na Desemba ya huku cheche moja inatosha kuteketeza msitu, kwa hiyo habari za moto aliziacha kwao. Yeye hubeba kiti chake cha kukunja, hukiweka juu ya kilima, hutazama upande wa machweo na kukaa mpaka jua lizame. Likizama, hulipigia makofi. Basi, hiyo ndiyo sherehe nzima, haina hotuba wala keki. Mwaka wa kwanza nilidhani ni uzee unamchezea. Sasa siikosi hata nikiwa na zamu, naomba kubadilishana na mwenzangu. Nampenda yule bibi kwa jinsi anavyojua kushukuru bila makelele.

Tulibeba futari kamili: tende za maduka ya Auburn, mihogo ya nazi, maandazi, na uji wa pilipili manga kwenye chupa ya chai. Kwenye mkoba, mahali ambapo wanawake wengine huweka poda, mimi niliweka mashine ya presha. Mama alitandika mkeka chini ya mkaratusi akakaa kwa heshima zake zote, huku kasuku weupe wakigombana juu ya kichwa chake.

Ilipofika saa kumi na mbili na nusu aliangalia saa ya mkononi, akachukua tende, akaisogeza mdomoni, halafu akainua uso kuyatafuta machweo. Jua lilikuwa bado juu kabisa ya mapaa, limetulia kama mgeni asiye na haraka ya kuaga.

Akaitikisa saa. Akaiweka sikioni.

"Hii imekufa?"

"Haijafa, mama."

Rafiki yangu Mkenya, muuguzi tunayefanya naye kazi, alijitahidi asicheke akashindwa. "Pole sana, mum," alisema. "Hii jua ya huku inafanya overtime, na hata hailipwi."

Binti yangu, ambaye anaelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, alikuwa anatazama simu. "Bibi, Maghrib's not till after eight. Just have some water. Nobody's looking."

Sijui mama alielewa kwa lugha gani kwamba anaambiwa anywe maji, hakuna anayeangalia. "Yupo anayeangalia," alisema, akairudisha tende sahanini.

Nikamfunga mashine mkononi hapohapo, mbele za watu. Presha ilikuwa imepanda. Si ya kutisha, lakini imepanda, na jasho lilikuwa limekauka kwenye kipaji cha uso wake, jambo ambalo sikulipenda hata kidogo. Nikamwambia mgonjwa anaruhusiwa kufungua, hilo analijua kuliko mimi. Nikamwambia baada ya wiki chache atakuwa Tanga, ataifunga siku yake huko kwa raha zake, jua likizama kwa adabu saa alizozoea.

"Hii sifungui."

"Baba mwenyewe asingekubali!" Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Niliogopa, na mimi nikiogopa huwa nagomba.

"Baba yako nilikaa naye mimi," mama alisema. Hapo mjadala ukafungwa.

Jirani alisikia kelele, akaja kuuliza kuna nini. Binti yangu akamweleza: bibi hajala wala kunywa tangu alfajiri, anamlipia babu, na hawezi kugusa kitu mpaka jua lizame. Jirani alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akarudi kilimani, akakivuta kiti chake majanini mpaka kando ya mkeka wetu, akamwaga kinywaji chake chini, akakifudikiza kikombe, akakaa.

Mama alimtazama. "Huyu naye amefunga?"

"Anakusubiri wewe."

Mama aliisogeza sahani ya tende mpaka ikawa katikati yao wawili.

Sijapata kuona wanawake wawili wakilisubiri jambo vizuri namna ile. Hawakuwa na hata neno moja la kuelewana. Jirani alimwonyesha kwa kidole pengo kati ya miti miwili, mahali jua litakapozama, maana yeye analijua kwa miaka mingi. Mama akaitikia kwa kichwa, naye akapima nafasi iliyobaki kwa vidole vilivyolala, kimoja juu ya kingine. Jirani akalowesha leso, akaomba ruhusa kwa macho, akamwekea mama shingoni. Mama akafumba macho. Mimi na mashine yangu tulikaa pembeni hatuna kazi.

Halafu ukaja ule upepo wa kusini ambao mji mzima huusubiri siku za joto. Uliinua ncha za mkeka, rangi ikamrudia mama usoni, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nikapumua sawasawa. Jua likateremka taratibu mpaka kwenye lile pengo. Saa mbili usiku ikafika, na kipande chake bado kiko, chekundu, mama akikitolea macho na kutikisa kichwa. Kikaisha. Simu ya binti yangu ikaadhini, na kilima kizima kikapiga makofi.

Mama alishtuka. "Wananipigia mimi?"

"Wewe," nilimwambia. Nilikuwa nasema uongo, lakini hata mimi nilikuwa nampigia yeye.

Akasoma dua yake, akamega tende, nusu akampa jirani. Presha nilipoipima baada ya uji ilikuwa imeshuka. Watu wakaanza kukunja viti. Ndipo nikamuuliza, safari hii kwa sauti ya mtu mwenye adabu, kwa nini hakuiacha ile siku moja akaifunge nyumbani.

"Nyumbani ningeimaliza zamani," alisema. "Niliiweka makusudi. Baba yako si kila siku alikuwa anasema atakuja kukuona, akae kwako angalau siku moja? Hakujaliwa. Nikasema ya mwisho nitakuja kumfungia huku. Iwe ndiyo siku yake kwako."

Nikashika mkono wake, ule uliokuwa na alama ya mashine, nikaulilia.

Mama aliniacha nilie. Alikuwa anatazama machweo, ambako mbingu ilikuwa bado nyeupe wala haionyeshi dalili ya usiku.

"Sikujua kwenu siku ni ndefu hivi," alisema. "Basi vizuri. Amekaa."