Sarafu ya Jogoo Iliyomfukuza Mdogo Wangu Matombo

Admin, naomba ufiche jina langu, maana watoto wangu wanafuatilia ukurasa huu. Wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni mama wa miaka sitini na moja, mjane, naishi Morogoro mjini, ila kwetu ni Matombo. Tulizaliwa wawili tu, mimi na mdogo wangu wa kiume, nitamwita Deo.

Miaka ile ya ruksa, mitumba imejaa sokoni na kila mtu ananunua na kuuza anachotaka, mama yetu alianza kupoteza macho. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, apelekwe Dar akafanyiwe upasuaji. Hela hatukuwa nayo. Ndipo mama akanipa sarafu ya dhahabu aliyoachiwa na bibi. Bibi alimuuguza padri mmoja Mfaransa pale misheni, akapewa kama shukrani. Upande mmoja ilikuwa na jogoo kasimama, upande wa pili kichwa cha mwanamke.

Niliipeleka kwa sonara mjini. Akaisugua kwenye jiwe lake, akadondoshea tindikali, akaipima, akaiangalia kwa lenzi muda mrefu. Akasema, "Mama, hii ni faranga ishirini ya Ufaransa. Dhahabu halali. Niachie mpaka kesho nikuulizie bei nzuri." Kusikia "niachie" tu, nikainyakua. Nilijiambia huyu kaona kitu asichotaka nijue. Nikairudisha kwa mama, nitafute kwanza mnunuzi wa kuaminika.

Mwezi haujaisha, Deo akaniletea ujumbe kwamba kapata mnunuzi wa Dar, na mama kampa sarafu ailete. Tukakutana kwa sonara yule yule ili ipimwe mbele yetu. Deo akafungua kitambaa. Jogoo hayupo! Kuna kichwa cha mwanaume mwenye ndevu.

"Deo, hii siyo."

"Dada, ndiyo aliyonipa mama. Mimi nyingine sijaiona."

Sonara akaipima. "Hii nayo ni faranga ishirini, ya zamani zaidi. Uzito ule ule, dhahabu ile ile. Hapa hakuna aliyeibiwa."

Mtu mwenye akili angetulia hapo. Mimi nikaona wameshapanga. Nikajiambia jogoo ndiye adimu, ndiyo maana sonara alimkodolea macho, na Deo kapewa chake. Nikaichukua ile ya ndevu, nikakataa isiuzwe mpaka jogoo arudi.

Nikapanda Matombo, nikawaita wajomba. Mama aliulizwa, akasema, "Mimi sioni, wanangu. Nilipapasa kwenye kibweta, nikampa nilichokishika." Deo akasimama analia, mtu mzima na mke wake yupo pale. Akaniambia, "Dada, ningekuwa mwizi ningekuletea kipande cha shaba. Mwizi gani anaiba dhahabu halafu anarudisha dhahabu?" Nikapiga kelele zaidi. Wajomba wakaamua sehemu yake ya shamba, migomba na midalasini yote, iwe yangu kufidia. Deo akachukua mke na mtoto wao mchanga, akahamia Gairo kulima mahindi. Mama hakufanyiwa upasuaji. Alipofuka kabisa, akafa baada ya miaka miwili. Deo alikuja kuzika, akasimama nyuma ya watu, akaondoka bila kula.

Siku ya kugawa nguo za mama, nilishika mfuko wa rozari yake kuukuu nikahisi kitu kigumu. Nikaingiza kidole. Alikuwa jogoo. Kumbe bibi aliacha sarafu mbili, na mama ama hakujua kuwa ni mbili, ama alisahau kwamba hii niliyomrudishia kaitia humu.

Nilikuwa peke yangu chumbani. Nikaitumbukiza kifuani, nikatoka kuendelea kugawa kanga.

Baadaye nilizipeleka zote mbili Dar kwa mnunuzi mwingine. Akaziweka kwenye mizani moja baada ya nyingine, akatoa bei moja kwa zote mbili. Nikamuuliza, "Na jogoo?" Akacheka, "Jogoo wapo wengi sana, mama." Nikanunua cherehani, nikasomesha wanangu. Sikumwambia mtu, hata marehemu mume wangu.

Sasa wajomba wote wameshafariki, mkubwa wa ukoo ni mimi. Mwanangu wa kwanza kajenga kwenye sehemu ya Deo, na ukimtajia mjomba wake anasema, "Yule mwizi?"

Wiki iliyopita alikuja binti wa Deo, yule aliyeondoka mchanga mgongoni. Akanipigia magoti, "Shikamoo shangazi." Baba yake anaumwa, kalala, na madaktari wamesema arudi tu nyumbani. Nikajua anataka shamba, nikajiandaa kukataa. Akasema, "Baba hataki shamba. Amenituma nikuulize kitu kimoja tu. Ile sarafu ya jogoo, mlikuja kuipata?"

Ndugu zangu, nilimwangalia yule mtoto usoni, nikamjibu, "Hapana, mwanangu. Hatukuipata."

Akaitikia "haya shangazi," akanywa chai, akarudi Gairo. Tangu siku hiyo silali. Nikisema ukweli, wanangu watajua mwizi wa nyumba hii ni nani, na nyumba ya mwanangu itabaki kwenye ardhi gani? Nikinyamaza, mdogo wangu anakufa na jina nililompa mimi. Nitukaneni mnavyotaka, lakini mniambie: niende Gairo, au nimechelewa?